Kompyuta ya Binafsi

Jumamosi, treni ya Kigoma ikiwa bado haijasikika,
Sizya na Mihayo huja dukani kwangu Isevya
wakaketi upande wa meza usio na moto.
Mimi nalehemu. Wao wanabishana.
Redio ya mwalimu wa Cheyo iko tumbo wazi mbele yangu
na hoja ni ileile ya wiki iliyopita:
katika kompyuta za mwanzo, zile za mtu kuweka sebuleni kwake,
ipi iliuzwa zaidi?

Mihayo alikuwa karani wa bohari ya tumbaku,
haamini namba isiyo na stakabadhi.
"Epo," anasema. "Miaka kumi na sita sokoni.
Kinachouzwa polepole ndicho kinachouzwa."
Sizya alifundisha hisabati. Akizidiwa hukimbilia vina:

*Komodoo ni kinara, hilo nataka ujue,*
*Iliuzwa kila bara, popote uulizie,*
*Epo ni ya masonara, bei yake ikimbie,*
*Mihayo wacha papara, hesabu usirukie.*

"Kila bara!" Mihayo anapiga meza, skrubu zangu zinaruka.
"Ngapi? Huyu anasema milioni kumi na mbili na nusu,
yule anasema kumi na saba.
Hiyo ni hesabu au mnada wa mbuzi?
Mimi nilipungukiwa marobota mawili
nikakatwa mshahara miezi mitatu!"

Moshi wa risasi unapanda. Sisemi kitu.
Juu ya vichwa vyao, rafu ya tatu,
nyuma ya feni zilizopoteza mapanga,
limelala boflo la plastiki rangi ya ugoro
chini ya kipande cha khanga.
Hawajawahi kuinua macho.

Mwaka wa themanini na sita lilishuka stesheni hapa
katika kreti iliyoandikwa MISUMARI,
zawadi ya mfadhili kwa ushirika wa wafuga nyuki.
Kibali chake kilipigwa kwa taipureta, nakala nne,
kaboni ya mwisho haisomeki.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Nikapewa ufunguo wa chumba
kwa sababu, walisema, nina vidole vyembamba.

Kompyuta ya binafsi, ndivyo karatasi zilivyosema.
Mwenyekiti akalikata neno kwa kalamu nyekundu.
Binafsi ya nani? Hapa ni ushirika.
Basi tukawa watu kumi na wanne na daftari la zamu:
Kasele saa mbili, Nyanzala saa tatu kama umeme upo,
mimi jioni, baada ya kufagia.
Tuliipangia foleni kama sukari.

Kioo chake kilikuwa televisheni,
na televisheni hatukuwa tumeiona.
Watoto wa Ng'ambo walipandana mabegani dirishani
kutazama madebe ya asali yakijipanga
juu ya samawati isiyo na mawingu.

Hesabu tulizihifadhi kwenye kaseti.
Ukiitia kaseti ile redioni
ililia kama nyuki waliofukizwa.
Dereva wa mwenyekiti akadhani imeharibika,
akarekodi dansi juu yake.
Madebe mia tatu na kumi ya Sikonge
yakazama ndani ya gitaa la solo.
Hadi leo sijui niwadai wapigaji au nicheze.

"Na hapa Tabora?" Mihayo anauliza ghafla.
"Hapa iliuzwa ipi zaidi?"
Sizya anatafuta kina, hakipati.
Naweka pasi chini.
"Hapa," nasema, "haikuuzwa hata moja."

Wananitazama kana kwamba meza imesema.
Kisha Sizya anasema sufuri nayo ni namba,
na Mihayo anataka stakabadhi ya sufuri hiyo.

Ninayo. Iko kwenye droo ya fyuzi:
ile kaboni ya nne.
Nawasha redio ya mwalimu. Inakoroma, inashika.
Wao wamesharudi kwenye milioni.